Shamba la Subukia, Glasi kwa Glasi

Jumapili baada ya kanisa, Nekoye alikata chungwa, akaweka nusu kwenye mashine yake ya kukamulia, ile ya chuma yenye mkono mrefu, akavuta mkono hadi chini. Kwenye glasi ukaanguka udongo.

Ulikuwa udongo mweusi wa Subukia, wenye unyevu, na nyungunyungu mmoja mwenye afya nzuri. Nekoye aliujua mara moja. Aliulima miaka yote ya ndoa, mpaka mumewe Khaemba alipofariki na shemeji yake Maxwel akamweleza kwamba mjane hana shamba, ana pole. Kila msimu Maxwel humletea kwenye chumba alichopanga mtaani Kaptembwo kikapu cha machungwa ya shamba hilo hilo, watu wasije wakasema ana roho mbaya.

"Mathe, hiyo juisi mbona nzito?" jirani yake Fancy akauliza mlangoni.

"Ni ya shambani. Haijaongezwa maji."

Chungwa lililofuata lilitoa kipande cha simiti: pembe ya bikoni, ile ya mpaka ambayo Maxwel aliapa mbele ya chifu kwamba haikuwahi kuwepo. Nekoye akaipangusa, akaiweka juu ya televisheni.

Kufikia jioni udongo ulikuwa umejaa beseni zote na chini ya kitanda. Akapanda kunde. Zikaota kabla chai haijachemka. Kwa mara ya kwanza tangu matanga, Nekoye alilala kwake.

Kosa lake lilikuwa adabu. Kwao hawarudishi kikapu cha mtu kikiwa kitupu, na siku hiyo nyumbani hakukuwa na unga wala sukari. Akakijaza udongo, akafunika na kitambaa safi, akakituma kwa boda boda.

Maxwel alifika na pikapu na koleo. Akaonja udongo kwa ncha ya ulimi.

"Shemeji, huu ni wangu."

"Umetoka kwa machungwa uliyonipa."

"Na machungwa yametoka wapi?"

Maxwel akaanza kuujaza udongo kwenye magunia. Nekoye akamshikia mdomo wa gunia, maana mgeni haachwi afanye kazi peke yake. Maxwel akabeba na kunde. Bikoni pia akaichukua, akisema itamfaa kuzuia mlango.

Kisha akashusha machungwa, safari hii magunia matatu.

"Kamua polepole, shemeji. Nitapitia Ijumaa."

Fancy akasaidia kuyaingiza ndani. Mkono wa mashine ulikuwa umeanza kulegea. Nekoye akakaza skrubu, akakata chungwa.