Jiwe la Philemoni

Mwaka ule wa hamsini na sita nilikuwa nesi wa kliniki ya watoto huko Nkoaranga, na hakuna baba aliyenichosha roho kama Philemoni. Mkewe, Eunike, alimleta binti yao wa mwaka mmoja, Elirehema. Nikamweka kwenye kikapu cha mizani: pauni kumi na tatu, mbavu zinahesabika. Nikasema alazwe wodini na mama yake siku hiyohiyo.

"Mizani hiyo nani kaikagua?" Philemoni akauliza kutoka mlangoni. "Kabla hatujawa na chama cha ushirika, mnunuzi mmoja aliniibia kahawa miaka minne kwa mizani yake."

"Baba, hapa hatununui watoto," nikamjibu.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Philemoni akakasirika, akamchukua mkewe na mtoto, wakaondoka. Nilijuta mno. Mwaka uliotangulia tulizika mtoto aliyekonda hivyohivyo, na sikutaka kumzika mwingine kwa sababu ya ulimi wangu.

Asubuhi iliyofuata walirudi, Philemoni kabeba jiwe begani. Alikuwa amelipima kwenye mizani ya ushirika: pauni kumi na sita kamili, na karani ni shahidi.

"Liweke, binti. Tuone."

Mizani yangu ilikuwa na miaka miwili pale na hakuna aliyewahi kuikagua, hata mimi mwenyewe. Kama ingekosea, mtoto angerudi nyumbani akafie huko. Nikaliweka jiwe. Mshale ukacheza, ukatulia kwenye kumi na sita.

Philemoni akainama, akausoma mwenyewe.

"Basi ni kweli mwanangu ni mwepesi," akasema kwa sauti ya chini, akaniwekea mtoto mikononi. Mavuno ya kahawa yalikuwa yamepamba moto. Akaenda kuchuma peke yake.

Elirehema alikaa wodini wiki tatu kwa maziwa, mayai na mtori wa ndizi. Alipotoka, kila Jumatano baba yake alimleta mwenyewe, mtoto mkono mmoja, jiwe begani, nami nikalazimika kuwapima wote wawili, jiwe kwanza. Nilinung'unika, lakini nilikuwa nikiisubiri Jumatano.

Mwezi wa nne tangu atoke wodini, mtoto alifika pauni kumi na sita na nusu, akalizidi jiwe. Wanawake waliomcheka Philemoni wakampigia vigelegele. Akampandisha bintiye begani, pale jiwe lilipozoea kukaa, wakateremka kupitia migombani.

Jiwe aliniachia. Tangu siku hiyo sikumpima mtoto wa mtu kabla ya kulipima.