Maziwa ya Safari

Kila asubuhi, kabla jua la Rubondo halijapata nguvu, Vestine alimkalisha mama mkwe wake mlangoni penye mwanga, akamhesabia vidonge kiganjani, akamtazama akimeza, kisha akamwamuru afungue kinywa.

"Fungula, Mabukwe. Inula ulimi."

Bikizee Nyirabizimana alifungua na kuinua. Huyu alikuwa mwanamke aliyewahi kuhamisha kundi zima la ng'ombe wa marehemu mumewe juu ya milima ya Minembwe, wanaume wakimpisha njia. Leo anakaguliwa ulimi kama mtoto aliyeshukiwa kulamba sukari. Vestine aliinama, akachungulia chini ya ulimi, akachungulia mashavuni, na hata hapo hakuridhika. Dawa za kifua kikuu hugeuza mkojo ukawa mwekundu, kwa hiyo alikwenda kukagua hata kopo la mkojo la bikizee kabla halijamwagwa. Akiona wekundu, moyo wake ulitulia. Hapo ndipo alipoleta maziwa.

Msimdhanie vibaya mapema. Vestine alikuwa anajua anachokifanya. Kule Uvira alikuwa amebakiza kidogo amalize shule ya uuguzi, vita vikamkatisha, na alipofika Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, akaambiwa masomo yake ya Kifaransa hayamfikishi popote, aanze upya au akalime. Akalima. Lakini ndoto ya kuvaa lile vazi jeupe haikumtoka, na alipowasikia watu wakisema kwamba Amerika hata mama wa watoto hurudi darasani na hakuna anayemcheka, ndoto ile ikapata mahali pa kukaa. Familia yao ilishahojiwa kwa ajili ya kuhamia huko, ikakubaliwa. Wakaenda Mbarara kupimwa afya. Picha ya kifua cha bikizee ikaonyesha doa.

Madaktari wa safari hawakuwa na maneno mengi. Mama atibiwe, amalize dawa zote, apimwe tena. Kesi ya familia ni moja. Akikwama mmoja wamekwama wote. Mtu mmoja akanong'ona kwamba bikizee angeweza kutolewa kwenye kesi wengine wakatangulia, na Mihigo, mume wa Vestine, ambaye ndiye mtoto pekee aliyebaki kwa mama yake, akakata shauri palepale.

"Mama siwezi mwacha. Tunaenda wote ao tunabaki wote."

Basi maisha yote ya Vestine yakawa yananing'inia kwenye mapafu ya mwanamke mzee. Mtu akikuta mambo yamekaa hivyo, atafanya nini? Atayatunza hayo mapafu kufa na kupona.

Na aliyatunza. Maziwa hayakupatikana Rubondo kwa urahisi, kwa hiyo Vestine alikwenda kwa miguu mpaka upande wa Endiinzi, kwa mfugaji mmoja aitwaye Kayumba, akapalilia shamba lake la ndizi na kulipwa maziwa. Alirudi mgongo ukiwa umemkatika. Aliyamimina kwenye icyansi, kile chombo cha mti cha maziwa ambacho bikizee alikimbia nacho kutoka Kongo akiwa ameacha kila kitu kingine. Alikiosha, akakifukiza kwa majani makavu kama desturi ya wafugaji inavyotaka, akapiga goti kidogo, akampa mama mkwe kwa mikono miwili. Mpeni haki yake, heshima ile haikupungua hata siku moja.

"Maziwa hii ni tamu, Mama Irakiza," bikizee alimwambia mara moja, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Mungu akubariki."

"Unywe yote, Mabukwe," Vestine akajibu, "tusichelewe."

Vitu vingine vya nyumba ile vilikuwa vimeachwa vijiendee. Plastiki ya paa ilichanika, Mihigo akasema nani atatengeneza nyumba anayoihama. Nusu ya shamba ikaota magugu, maana mihogo haiwezi kupandishwa kwenye ndege. Jitihada zote zilikwenda kule macho yalikoelekea. Irakiza, binti yao, aliyekuwa wa mwisho darasani, aliamka akawa wa kwanza kwa Kiingereza. Alikizungumza na mbuzi, alikizungumza na jerikeni kisimani, na bibi yake alimsikiliza akicheka bila kuelewa hata neno.

Kanisani ndiko sifa zilikozidi. Bénédicte, jirani yao na kiongozi wa kwaya ya akina mama, alimsimamisha Vestine mbele ya watu wote.

"Wamama, muangalie huyu," alisema. "Leo mukamwana gani anafanya hivi? Wengine banawaacha wazee kwa fasi ya baridi, beko banaongea na simu. Huyu anatembea mpaka Endiinzi juu ya mama mukwe!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Vestine akalia machozi ya kweli, na katika kulia akaamini. Aliamini kwamba anampenda yule mama. Sioni kwa nini nimcheke kwa hilo. Ukimlisha mtu na kumfunika kila siku, mikono yako itakuambia unampenda, na wewe utaisadiki.

Dawa zikaisha. Wakarudi Mbarara. Bikizee akatoa makohozi, akapigwa picha, wakangoja, wakaitwa. Kifua kilikuwa safi. Vestine alipiga ukelele palepale kwenye korido, akamkumbatia mama mkwe na kumnyanyua juu mpaka kandambili moja ikamdondoka bikizee, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakacheka pamoja nao. Walipotoka alimnunulia mkate mtamu na soda, wakakaa kwenye ukuta mfupi kando ya barabara, bodaboda zikipita mbele yao, na Vestine akamwokotea makombo ya mkate yaliyomwangukia kifuani. Siku ile bikizee alikula akimtazama mkwewe, si mkate.

Tarehe ya kuondoka ikatoka. Mbuzi wakauzwa, kitanda kikauzwa, sufuria akapewa Bénédicte. Walikuwa wanalala juu ya mikeka katikati ya mabegi yaliyofungwa wakati simu ya Mihigo ilipolia. Alisikiliza amesimama uani. Kisha akakaa chini, udongoni, na suruali yake mpya ya safari.

"Banasema inchi ya kule imefunga," alisema. "Safari zote zimesimama. Si sisi peke. Wote."

"Mpaka lini?" Vestine akauliza.

"Hakuna anayejua."

Vestine aliingia ndani akalala uso ukiwa ukutani, akabaki hivyo mpaka watu wakaogopa. Alipoinuka, hakuwa yule wa zamani. Mihigo akaenda Mbarara kubeba matofali kwenye majengo ya watu, akawa anaonekana kwa nadra. Irakiza akaulizwa swali darasani kwa Kiingereza, akajibu kwa Kiswahili, akakaa. Mwalimu akamgombeza bure.

Asubuhi ya kwanza baada ya Vestine kuinuka, bikizee alikuwa amekwisha kaa mahali pake mlangoni. Icyansi alikuwa ameiosha mwenyewe, ameipakata mapajani. Vestine alitoka na jembe begani, akamwona.

"Maziwa hakuna," alisema.

Hakusema leo hakuna. Alisema hakuna.

"Si kitu, Mama Irakiza," bikizee akajibu.

Tangu hapo ikawa uji wa mtama, kwenye kikombe cha plastiki, uliotuliwa chini kwa mkono mmoja. Baada ya muda hata kuutua Vestine akaacha, akawa anamtuma Irakiza. Bikizee akaanza kukonda. Alijichotea maji kisimani na kajerikeni kadogo ka mafuta, akipumzika kila alipoona jiwe. Vestine alimwona akipita na kajerikeni kake, akajisemea kwamba mtu akishapona ni mzima, na mtu mzima hujichotea. Alikuwa na majibu mengi ya namna hiyo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Chini ya majibu hayo palikuwa na uchungu mmoja uliomla usiku na mchana. Kama si lile doa, wangeondoka mapema. Familia zilizopimwa pamoja nao siku ileile Mbarara zilikuwa zimeshafika, zinatuma picha za theluji. Miezi yote ile aliyokuwa akipalilia ndizi za Kayumba, mlango ulikuwa wazi, na wao walikuwa wanasubiri kifua cha mzee. Siku moja uji ulipomwagika na bikizee akaomba mwingine, uchungu ule ukapata njia ya kutokea.

"Kifua chako ndicho kimetufunga hapa!" Vestine alipasuka. "Wenzetu bote bamefika! Bote!"

Bikizee alipangusa uji kwenye kanga yake. Hakuomba tena.

Haikupita wiki, Bénédicte akaja na wenzake wawili wa kwaya kumjulia hali mama. Vestine alikuwa nyuma ya nyumba, mekoni, akichochea maharage. Ukuta wa udongo ulikuwa mwembamba, akawa anasikia kila neno.

"Mama, lakini umekonda!" alisema Bénédicte kwa sauti yake ya kuongozea kwaya. "Mifupa inaonekana. Na ile maziwa? Hawakupatii tena?"

Mwiko ukasimama mkononi mwa Vestine. Alijua kesho yake kanisa zima litakuwa linajua, na kwa kweli alistahili lijue.

"Maziwa?" bikizee akasema. "Mi mwenyewe niliacha. Inaniumiza tumbo. Vestine analeta, mi ninakataa. Anateseka bure, masikini. Mumwambie asijisumbue."

Kikazuka kicheko.

"Mutu wa ng'ombe anakataa maziwa? Mama, weye?"

"Ni uzee," bikizee akasema. "Tumbo imezeeka mbele yangu."

Wakacheka tena, wakaamini. Wakamsifu Vestine upya, wakaomba, wakaondoka. Lazima uwe umekulia kwa watu hawa ndipo uelewe kilichofanyika nyuma ya ukuta ule. Mwanamke aliyelelewa na maziwa, aliyeozwa kwa ng'ombe, aliyekimbia vita akiwa amekumbatia chombo cha maziwa badala ya nguo, amesema mbele ya mashahidi kwamba maziwa yanamdhuru. Ni sawa na kumkana mama yake mzazi. Na amesema hivyo ili mkwe aliyemtukana asiaibike.

Maharage yaliungua. Vestine alikaa kwenye jivu akalia, akijiziba mdomo kwa upande wa kitenge ili asisikike. Mara hii hapakuwa na vigelegele.

Kesho yake alichukua jembe akaelekea Endiinzi. Kayumba alimwona kwa mbali, akaanza utani kwa kile Kiswahili chao cha soko.

"Eh, nyabo! Mimi ilisikia wewe ilienda Amerika!"

"Sikwenda," Vestine akasema. "Uko na kazi?"

"Kazi iko. Ndizi imeshikwa na majani mingi."

Alipalilia bila kupumzika mpaka viganja vikafanya malengelenge, akapewa maziwa, akarudi nayo mbio kabla hayajaganda. Njiani alijipangia maneno ya kuomba msamaha, akayapanga tena, yote yakamshinda. Akaamua maziwa yenyewe yatasema. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Irakiza alikuwa shuleni, majirani mashambani. Hakuna aliyemwona akiosha icyansi, akichoma majani na kuifukiza mpaka ikanukia kama zamani. Hapakuwa na safari, hapakuwa na daktari, hapakuwa na kwaya. Kwa mara ya kwanza alikuwa anampelekea mama mkwe maziwa kwa sababu ni mama mkwe wake. Alipiga magoti yote mawili, akanyoosha mikono yote miwili.

"Kunywa, Mabukwe."

Bikizee alipokea. Aliishika icyansi kwa muda, akiyatazama maziwa, halafu akamtazama Vestine. Uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Laiti ungekuwa nayo.

"Banafungula safari wapi sasa?" akauliza taratibu. "Ni inchi gani?"

"Hakuna inchi, Mabukwe," Vestine akasema. "Hakuna fasi yoyote. Ni maziwa tu. Nilikuletea weye."

Bikizee akaitikia kwa kichwa, kwa upole, vile mtu mzima anavyomkubalia mtoto ambaye hataki kumwumbua. Akainua icyansi akanywa, mkupuo baada ya mkupuo, bila kuonja utamu, akaharakisha kama mtu anayejua kwamba wengine wanamngoja. Alikunywa yote. Akapangusa midomo, akamrudishia Vestine chombo kikiwa kitupu.

Kisha akageukia kwenye mwanga wa mlango, akafungua kinywa, akainua ulimi.