Mstari Aliouruka Mukhisa

Mukhisa alikuwa na sheria moja ya kupanda mlima, na kwa sheria hiyo wateja walimchukia siku ya kwanza na kumpenda siku ya tatu. Hakuna begi lililopanda Mlima Elgon chini ya uongozi wake bila kumwagwa. Alitandaza turubai la buluu uani kwake, pale Kitale, mtu akamwaga kila alichobeba, kisha yeye akachuchumaa na kushika kitu kimoja kimoja kama anayechambua mchele. Hiki kiende. Hiki kibaki. Na hiki, jamani, unampelekea nani? Daktari mmoja aliwahi kununa kutoka Kitale hadi lango la mbuga kwa sababu aliachishwa pasi ya umeme. Lakini kwa miaka tisa Mukhisa hakuwa amemteremsha mtu aliyezidiwa na baridi, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane wakaja wanawake wanne wa kwaya ya kanisa, kutoka Kabuchai, kwa safari ya siku tatu. Aliyepanga mambo kwa simu alikuwa Phelista, mwalimu mstaafu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa la watoto sitini. Alisema watakuja wanne. Wa nne ni nani hakusema. Joy, mke wa Mukhisa, alijua vizuri, naye akanyamaza, maana ukimpa mtu nafasi ya kukataa, huenda akaitumia.

Wa nne akashuka kwenye gari polepole, mguu wa kushoto ukitangulia. Alikuwa Nekoye, mama mzazi wa Joy. Mama mkwe wa Mukhisa.

Asiyeoa Bungoma huenda akauliza, kwani kuna nini? Kuna mengi. Kwa Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawaketi benchi moja. Wakizungumza, kila mmoja huangalia mahali pengine, na neno likiwa zito hupitia kinywa cha mtu wa tatu. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na Mukhisa aliishika kuliko wenzake wengi wa rika lake. Kila alipokwenda Kabuchai aliikuta kamba ya nguo iko tupu, kutoka kwenye mparachichi hadi nguzo ya jikoni, kwa kuwa habari ya kuja kwake ilipofika tu nguo zote zilianuliwa, ziwe kavu, ziwe mbichi. Kwa miaka saba hakuwahi kuona hata soksi ya nyumba ile.

Alimvuta Joy nyuma ya nyumba. "Mama Tonny, umenifanyia nini?"

"Ningekuambia ungesema hapana."

"Ningesema hapana, ndiyo! Nitamwongozaje mama mlimani siku tatu?"

"Sikiza. Miaka hamsini na tisa mama anafungua mlango asubuhi anaona huo mlima. Nyanya yake alimwambia watu wetu walitoka huko juu, huko Masaba. Anataka asimame huko mara moja tu. Na daktari amemwambia goti hilo halina mwaka mwingine wa kupanda." Joy akapunguza sauti. "Ukimrudisha bila kufika, hatarudi tena. Unajua hivyo."

Mukhisa alijua. Akarudi kwenye turubai akiwa na uzito kifuani ambao hakuna begi lililokuwa nao.

Wa kwanza kumwaga alikuwa Phelista. Zikatoka jinzi mbili, mwavuli, chupa ya uji, na pakiti mbili za sukari za kilo moja moja.

"Mwalimu, sukari hii ya nani?"

"Si ni ya wenyeji?"

"Huko hakuna wenyeji. Kuna nyani na nyati."

"Hata hao. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu, bana."

Kiptum, mpishi na mpagazi wa Mukhisa, mzee wa Endebess aliyeupanda mlima ule tangu kiongozi wake akiwa bado ananyonya, alicheka hadi akakaa chini. Sukari ikabaki. Jinzi zikabaki, maana jinzi ikilowa ni jiwe, na haikauki mpaka urudi nyumbani. Wa pili akamwaga, wa tatu akamwaga. Vitu vikapimwa kwa mizani ya ndoano na kurudishwa kwa mpangilio: vizito karibu na mgongo, nguo kavu ndani ya nailoni, koti la mvua juu kabisa ambapo mkono hufika haraka.

Likabaki begi la Nekoye. Lilikuwa limefungwa zipu, na juu ya zipu limezungushiwa leso na kukazwa fundo. Mwenyewe alikuwa amesimama mbali, karibu na pipa la maji, akichunguza kuku wa jirani kana kwamba hajawahi kuona kuku.

Mukhisa alinyoosha mkono, akaurudisha. Angemwagaje begi la mama mkwe? Nguo zake zitandazwe juani, yeye azishike moja moja? Hata wazo lenyewe lilimtia jasho. Akatoa karatasi ya orodha mfukoni, akageuza uso kwenye ua wa michongoma, akaanza kuusomea ua.

"Mwalimu, muulize mama kama ana sweta nzito."

"Mama Joy, unayo sweta nzito?"

"Mwambie ninayo."

"Koti la mvua?"

"Mwambie ninalo. Na gambuti pia."

Wakaenda hivyo mstari baada ya mstari hadi wakafika wa tisa. *Nguo za usiku: fulana na suruali ya ndani yenye joto, kavu, zisizovaliwa mchana.* Kwa wateja wengine huo ndio mstari alioukariri mara mbili na kuugongea kidole. Unaweza kusamehewa vingine vyote, alikuwa akiwaambia. Lakini ukilowa mchana na huna kavu ya usiku, mlima utakushika. Sasa akautazama. Nguo za usiku. Suruali ya ndani. Mbele ya mama mkwe!

"Tochi?" akasema.

"Mwambie ninayo."

Kiptum akamsogelea. "Umeruka mmoja."

"Sijaruka."

"Haya," akasema Kiptum, akaenda kufunga sufuria.

Siku ya kwanza mlima uliwapokea vizuri. Gari liliwaacha mwisho wa barabara, wakatembea chini ya miti mirefu yenye ndevu za kuvu, wanawake wakiimba nyimbo za Jumapili kwa sauti ya chini ili wasimalize pumzi. Palipokuwa na utelezi, Mukhisa alimnyooshea mama mkwe fimbo; yeye akashika upande huu na mama upande ule, na heshima ikapita katikati salama. Nekoye alipanda polepole bila kusimama, kama anavyopalilia. Jioni akala ugali wote na kulala mapema. Mukhisa akaanza kujicheka kwa hofu aliyokuwa nayo.

Siku ya pili, saa sita mchana, mvua ikaja. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa mvua ya mlimani, nyembamba, ya pembeni, inayoingia shingoni na kutokea kiunoni. Walipofika kambi ya juu saa tisa, hata waliovaa makoti walikuwa wamelowa. Mahema yakasimamishwa. Wanawake watatu wakaingia, wakatoka wamevaa nguo kavu, wamenenepa kwa soksi na kofia, wakijisifu. Nekoye hakuingia. Aliketi kwenye hema la jikoni karibu na jiko la Kiptum, na gauni lake likidondosha maji kwenye gambuti.

"Mwambie mama abadilishe nguo," Mukhisa akamwambia Phelista.

"Anasema yuko sawa."

Hakuwa sawa. Mukhisa aliuona mkono wake ukishika kikombe cha chai, na chai ikitetemeka ndani kama iliyopitiwa na lori. Hapo alikuwa na sheria nyingine, aliyoipata kwa wakubwa wake: anayetetemeka jioni, alfajiri hushuka. Kilele cha Koitobos, walichokuja kukipanda, kilikuwa mwendo wa saa tatu tu kutoka pale. Nekoye angeshuka na Kiptum, na mlango wake wa Kabuchai ungeendelea kutazama mlima ambao hatasimama juu yake kamwe.

"Mwalimu, kwa nini habadilishi? Niambie ukweli."

Phelista akatazama pembeni. "Hana cha kubadilisha. Ameniapisha nisikuambie."

Mukhisa alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Miaka tisa ya kujisifu, kisha mtu wa kwanza kumponza awe mama wa mke wake, tena kwa uzembe wa mstari mmoja! Akaogopa pia, akaogopa kweli, maana alijua baridi ya huko haijui umri wala undugu.

Akafikiri haraka. Wanawake wengine kila mmoja alikuwa amevaa kavu yake ya pekee. Nguo za Kiptum zingemtosha mtoto wa darasa la nne. Yeye tu ndiye aliyebeba mbili, kama kiongozi anavyopaswa: fulana na suruali ya ndani ya sufu, ya kijivu, aliyoinunua mitumba ya Kitale na kuivaa misimu minne, goti moja likiwa na kiraka chekundu alichokishona Joy. Nguo iliyokaa kwenye mwili wa mkwe iende kwenye mwili wa mama mkwe! Watu wa kwao wangelisema jambo hilo kwa kunong'ona hadi wajukuu wazeeke.

Alizitoa kwenye nailoni, akasimama nje ya hema la jikoni, akaligeuzia mgongo. Manyunyu yakampiga usoni.

"Mama," akasema. Hakupitia kwa Phelista. "Kosa ni langu. Kwenye orodha kulikuwa na mstari wa nguo za usiku. Niliuona nikauruka. Niliona haya."

Ndani, kijiko cha Kiptum kilisimama.

"Baba Tonny," ikaja sauti ya Nekoye, meno yakigongana. "Usijari. Huo mstari mimi niliujua. Joy alinisomea karatasi yote, tangu juu mpaka chini."

"Uliujua?"

"Nilizifunga hizo nguo, nzuri kabisa, zenye joto. Halafu Joy akaniambia wewe unamwaga begi ya kila mtu." Akapumua. "Nikasema, ati mkwe wangu azione? Nikazitoa, nikaziacha kitandani."

Mukhisa alisimama pale na mvua yake. Yeye hakutaja ili asimwaibishe; mama naye hakubeba ili asimwaibishe. Heshima imetoka pande mbili, imekutana katikati, na sasa mtu anatetemeka.

"Mficha uchi hazai," Phelista akatamka, kwa sauti ya darasani.

"Mwalimu!" Mukhisa na mama mkwe wake wakasema kwa pamoja.

Kiptum akacheka kwanza, akajifunika mdomo kwa kitambaa cha sufuria. Kisha akacheka Nekoye, kicheko kilichokatwakatwa na baridi, na Mukhisa akacheka akiwa bado amegeuka, mabega yakimtikisika. Alisikia vizuri jinsi hofu ilivyoanza kumtoka.

"Nina zangu hapa," akasema walipotulia. "Ni safi. Ni kavu. Sina nyingine za kukupa, Mama."

Akazinyoosha nyuma yake bila kugeuka. Hakumharakisha.

"Rete hizo," akasema Nekoye.

Phelista akatoa mkono nje ya hema, akazipokea.

"Na kesho?" akauliza Nekoye kutoka ndani. "Utanirudisha?"

"Kesho asubuhi nitaangalia mkono wako kwenye kikombe. Ukitulia, tunapanda."

"Utaangalia mkono wangu?"

"Mkono tu, Mama."

Asubuhi mawingu yalikuwa yameshuka chini yao. Nekoye alipewa chai, akakinyoosha kikombe mbele, mbali na mwili, kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Mukhisa alikiinamia kidogo. Chai ilikuwa imetulia tuli. Akaokota fimbo yake, akamnyooshea mwisho mmoja.

Saa nne na nusu walikuwa kileleni. Wanawake wengine walipiga picha na kuimba. Nekoye alisimama upande wa Bungoma, kola ya kijivu ikichungulia chini ya sweta, akatazama ukungu wa mashamba kule chini kwa muda mrefu.

"Siioni nyumba," akasema mwishowe, bila kumwambia mtu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Lakini sasa mimi ndiye niko upande huu."

Waliporudi Kitale, nguo za Mukhisa hazikurudi mikononi mwake. Joy alipouliza kwa simu, jibu la mama lilikuwa fupi: hizo hazirudi. Mukhisa akaelewa. Akadhani zimechomwa, au zimefukiwa nyuma ya nyumba kimyakimya, kama jambo lisilostahili kusemwa tena. Hakulaumu. Akanunua nyingine, na kwenye orodha yake akaupandisha mstari wa tisa ukawa wa kwanza.

Mwezi wa kumi na mbili walikwenda Kabuchai na Joy na mtoto. Habari zilikuwa zimetumwa tangu juzi. Mukhisa alitembea njia ya katikati ya miwa akiwa ameinamisha kichwa, kama kawaida yake anapokaribia boma lile, akasikia majirani wakisalimia na kisha kucheka, cheko la watu wanaojua kitu. Akainua macho.

Kutoka mparachichi hadi nguzo ya jikoni, kamba ilikuwa na nguo mbili tu. Fulana ya kijivu, na suruali ya ndani ya kijivu yenye kiraka chekundu gotini, zimefuliwa, zimenyooshwa, zimebanwa vibanio vinne, mchana kweupe mbele ya dunia nzima.

Nekoye alikuwa amesimama mlangoni, mbali kama inavyopaswa, akitazama kuku.

"Karibu, Baba Tonny," akasema. "Zimekauka."