Vitanda vya Kisiwani

Mke wangu alitaka kuona kisiwa kabla macho yake hayajafifia kabisa. Hakutaka visiwa vilivyojaa watalii. Alisikia redioni habari za kimoja kidogo, chenye mchanga mweupe na nyumba moja tu ya wageni.

"Watoto tumelea, na wewe umezeekea karakanani," aliniambia. "Sasa na mimi nitoe nikatembee."

Nikapiga simu. Mwenye nyumba alikuwa na sauti ya upole, na nyuma yake nilisikia randa ikipita juu ya mbao. Mimi ni seremala, sauti hiyo siikosei.

"Vitanda vyetu tunatengeneza kwa kipimo cha mgeni," alisema. "Nipe urefu wenu, na upana wa mabega."

Mtu mwingine angeuliza kwa nini. Mimi nilisikia fundi anaongea na fundi mwenzake, kichwa kikavimba. Nikamsimamisha mke wangu ukutani, nikatia alama ya penseli juu ya kichwa chake, nikampima vizuri kisha nikajipima mwenyewe. Nikasoma vipimo vyote kwenye simu kwa fahari.

"Kitanda na mabega wapi na wapi?" mke wangu aliuliza nilipokata.

Katika maisha yangu nimetengeneza kitu kimoja tu kinachopimwa mabega, na mwenyewe hajawahi kurudi kulalamika kwamba kinambana.

Kesho yake mwenye nyumba akapiga.

"Chako kimetoka sawasawa, mzee. Cha mama, fundi amekikata kifupi, kama vidole viwili. Msihangaike. Ataenea."

Jioni mke wangu alijaribu gauni lake la safari. Lilikuwa linaburuza sakafuni.

"Limevutika kwa kufuliwa," alisema.

Nikamrudisha ukutani. Kichwa chake kilikuwa chini ya alama ya penseli, vidole viwili kamili.

"Wazee hupungua, bwana," akasema, akaendelea kukunja nguo huku akiimba.

Nilikwenda kupigia simu karakanani kwangu, asinisikie.

"Hatuji tena. Futa majina yetu."

"Majina hatuna, mzee. Tuna vipimo."

"Basi cha mke wangu kivunjwe."

"Avunje nani? Fundi wetu amechoka. Labda apatikane mwingine."

Randa ikanyamaza. Nilijua wananisubiri.

"Nakuja mimi," nikasema. "Peke yangu, na vifaa vyangu. Lakini cha mama nakivunja kwanza, kabla sijagusa kazi nyingine."

"Karibu, mzee. Chako kiko tayari."

Mke wangu nilimwambia boti imebakiza nafasi moja, kwa hiyo natangulia kukagua mahali. Alininunia siku nzima. Asubuhi ya safari alikuja mwenyewe kunifunga kola ya shati.

"Usinicheleweshe, mzee wangu. Nataka kukiona nikiwa bado naona."

Ili aifikie kola, ambayo miaka yote aliifikia bila kujinyoosha, ilimbidi asimame kwa ncha za vidole vya miguu.