Wanaoondoka Kabla ya Kipenga

Klabu yetu ya Oxenbeck ina utaratibu wake wa kuzika. Shabiki akifa, mwili huchomwa, majivu huletwa uwanjani Jumapili asubuhi, na familia huyamwaga kwenye udongo nyuma ya goli la kaskazini, huku Gaynor wa jikoni akigawa chai na pai za nyama. Hotuba hakuna. Mtu mmoja husema, "Haya mzee, pumzika, ila usiache kupiga kelele," na shughuli imekwisha. Mashabiki wa timu nyingine hutucheka. Wacheke. Goli lile hufungwa mara chache kuliko la kusini, na makipa wageni wakisimama pale huvaa fulana mbili.

Babu yangu, Cyril Entwistle, amelala pale tangu mwanzo wa mwaka.

Nasimulia haya kwa utulivu na heshima, kama tulivyolelewa shuleni kwetu, shule ya bweni ambako hata kuomba chumvi ni lazima usimame, kwa sababu yaliyotokea siku ya mkutano yamekwisha kusimuliwa vibaya na watu waliokuwa chini ya meza.

Mkutano ulikuwa wa kupiga kura. Wenye klabu walitaka tuhame uwanja wetu wa Cinder Lane, twende uwanja mpya juu kilimani, kando ya barabara kuu. Cinder Lane pangejengwa supamaketi. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo fupi ya muhula, na nilikuwa na sababu moja tu ya kupinga, nayo iliketi mbele yangu kila asubuhi ikipaka mkate siagi: bibi yangu Winifred. Tangu babu afariki, bibi haendi popote ila Cinder Lane. Siku ya mechi huketi kwenye kiti chake, cha babu kikiwa kando kimetandikwa blanketi, akimweleza mchezo kwa sauti ya chini. Uwanja ukihama, babu angebaki chini ya rafu za sabuni, na bibi angebaki jikoni.

"Utapiga kura gani, bibi?" nilimuuliza.

"Nitamwachaje peke yake, Rufus? Mtu hakuwahi kulala peke yake hata siku moja."

Basi nikaamua kuokoa jahazi.

Lazima mjue kitu kimoja kuhusu babu. Mchezo ukipoa, alikuwa akisimama, anakohoa, kisha anawafokea wachezaji: "Mmelala?" Na jukwaa zima la kaskazini humjibu, "Hatujalala!" Wito huo aliurithi kwa waliomtangulia, na sheria yake ni moja: ukiusikia, unajibu. Aliye chooni anajibu. Mwenye pai mdomoni anajibu. Nilikuwa na sauti ya babu kwenye simu, iliyorekodiwa Krismasi yake ya mwisho alipokuwa akiifokea runinga swali hilohilo. Nikaficha spika ndogo chini ya mbao za sakafu, katika ukumbi ulio chini ya jukwaa la kaskazini, mahali pa mkutano. Nia yangu ilikuwa ya kiungwana kabisa. Wakati ukifika babu angeuliza swali lake, wazee wangezimia kidogo, na kura ingekuwa hapana.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa. Madirisha yake yanatazama moja kwa moja kwenye goli, na nje kijito kilikuwa kimefurika kama kila mwaka mwezi huo. Nyuma ya nyavu maji yalikuwa yametuama, ya kijivu, yametulia kama sahani.

Gaynor ndiye aliyekuwa mwenyekiti, kwa kuwa upawa wa kugongea meza ulikuwa wake. "Tuanze," alisema. "Anayetaka kutukana, atukane kwa zamu."

Mzee Clegg, beki wetu wa zamani za kale, mwenye magoti ya kuthibitisha, alisimama wa kwanza. "Baba yangu yuko pale nje. Mke wangu yuko pale nje. Mnataka nikachague viazi juu ya kifua cha Doreen?"

"Nunua mchele basi!" sauti ikatoka nyuma.

"Nani huyo? Toka mbele nikuone sura!"

Hakutoka mtu. Akasimama Nadeem Hafeez, mwalimu wa udereva, mwanamume mpole anayezungumza kana kwamba kila mtu anaelekea kugonga ukuta. "Mzee Clegg, mimi nakuheshimu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwatukana waamuzi."

"Na ulikuwa mwanafunzi mzuri."

"Asante. Sasa tazama dirishani. Maji hayo. Binti yangu Saira anakaa kwenye kiti cha magurudumu pembeni mwa uwanja, mvua yote ni yake, kwa sababu jukwaa hili lilijengwa na watu walioamini kila mtu ana miguu. Kule juu kutakuwa na paa. Kutakuwa na njia ya kupandisha kiti. Mnawasemea walio chini tu. Sisi tulio juu je?"

"Uwanja usio na wafu wake ni duka tu!"

"Na usio na walio hai, mzee? Si makaburi huo?"

"Thubutu! Hebu rudia!"

"Nimeshasema."

"Jamani," Gaynor aliinua upawa, "hiki chuma si cha mchezo."

Mzee Clegg alikuwa ameshageukia dirisha. "Kwani tunabishana nini? Tuwaulize wenyewe! Wale pale! Kama wanataka kuondoka, waseme!"

Tangu nizaliwe sijawahi kutengenezewa pasi safi kama ile. Nikabonyeza simu mfukoni.

Kwanza kikohozi, chini ya miguu yetu. Kisha: "MMELALA?"

Upawa ulianguka. Kundi la wanaume wazima lilikwenda chini ya meza kwa mpangilio mzuri. Bibi hakushtuka. Aligeuza shingo polepole, akanitazama mimi, si sakafu.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipokosea. Nilikuwa nimefikiria hofu yao, nikasahau sheria. Kwa hofu ile hakuna aliyejibu. Wito ule, katika umri wote wa Cinder Lane, haukuwahi kuachwa ukining'inia.

Ndipo jibu likaja.

"Hatujalala."

Lilitoka nje, upande wa goli. Halikuwa kelele. Walilisema wengi kwa pamoja, chini chini, kama watu wanaozungumza meno yakigongana kwa baridi.

Niliingiza mkono mfukoni kuizima simu. Ilikuwa imeshazimika, na ilikuwa ya baridi kama kijiko.

"Maji yanatembea," alisema Nadeem dirishani.

Yalikuwa yakitembea. Mvua haikunyesha, upepo haukuwapo, lakini nyuma ya goli palizuka kiduara majini, kikubwa kama kiatu, kisha kingine mbele yake, kisha vingine kandokando, vingi, vikifuatana kando ya nyavu kuelekea kwenye geti la kaskazini. Kisha tukasikia geti. *Kak.* Kimya. *Kak.*

Geti letu ni la zamani: vyuma vinavyozunguka ndani ya ukuta mwembamba, vinapitisha mtu mmoja mmoja, na havizunguki mpaka mkata tiketi aliye kibandani akanyage pedali. Kibandani hapakuwa na mtu.

Sisi wengine tungebaki ndani mpaka leo. Bibi ndiye aliyechukua mkoba wake na kutoka kwa mlango wa barabarani, na ni aibu kumwacha mjane atoke peke yake, kwa hiyo tukamfuata, tukiwa tumebanana kama kondoo. Mzee Clegg alinishika bega. Sijui ni nani aliyekuwa akimsaidia mwenzake.

Vyuma vilikuwa vikisukumwa. Vinakwenda kidogo, vinagota, vinarudi. *Kak.* Juu yake, kwenye usawa wa kiuno, palikuwa na umande wa kijivu.

"Mnaona?" Mzee Clegg alinong'ona. "Wamekuja kufunga geti. Wanatuzuia tusihame."

"Clegg," bibi alisema bila kugeuka, "umecheza beki maisha yako yote, na hujawahi kujua mpira unaelekea wapi. Angalia chini."

Tukaangalia. Upande wa ndani, kwenye tope, kulikuwa na alama za viatu zilizojaa maji, safu nyuma ya safu, mpaka nyuma ya goli. Soli zote zilielekea barabarani.

"Hawatuzuii," bibi alisema. "Wamepanga foleni watoke." Akagusa chuma kwa kidole, akakitazama kidole. "Na wa kwanza ni Cyril."

Hilo halikuhitaji ushahidi. Babu, kwa maisha yake yote, aliondoka kabla ya kipenga cha mwisho ili asibanwe na umati. Alikosa mabao kwa tabia hiyo, likiwemo lile lililotupandisha daraja. Alilisikia akiwa kituo cha basi, na mpaka anakufa alisisitiza kwamba alilisikia vizuri kuliko walioliona.

"Miguu yake imelowa," bibi aliendelea. "Muda wote huu amesimama majini, na mimi niko juu na blanketi namweleza habari za kona na faulo." Kisha akasema, "Rufus."

"Naam, bibi."

"Ile sauti ni ya Krismasi. Ile simu nilikuwa nimeishika mimi."

"Ndiyo, bibi."

"Basi wewe ndiye uliyewaita. Ingia kibandani ukanyage."

Shuleni kwetu hufundishwa kwamba muungwana hasitisiti. Nilisitasita. Kibanda kile kilijengwa kwa ajili ya watu wembamba wa enzi za njaa, na kati yetu sote ni mimi tu niliyeenea. Ndani palinuka kutu. Nikaweka mguu kwenye pedali, nikafumba macho, kisha nikaona ni vibaya zaidi kufumba, nikafumbua.

Nikakanyaga.

Vyuma vilizunguka kwa uzito, kama vinavyozunguka mtu mnene aliyevaa koti anapopita. Baridi ilipita kwenye kidirisha cha tiketi, karibu sana na uso wangu, na ndani yake harufu ya peremende za koo, zile nyeusi ambazo babu alizihifadhi kwenye soksi. Ilisimama mbele yangu kidogo. Nilisema, "Shikamoo, babu," kwa sababu sikujua jambo jingine la kusema.

"Ngoja, Cyril," bibi alisema huko nje. "Usitembee kama unafukuzwa na polisi." Akakunja kiwiko, kama mtu anayeshikwa mkono kuvuka barabara, akaanza kupanda kilima. Tulimsikia akigomba mpaka kwenye kona: "Na hivi ndivyo viatu gani? Nilikuzika na viatu gani mimi?"

*Kak.* Wa pili alikuwa akisukuma tayari.

Nilikanyaga mpaka paja likatetemeka. Wengine walipita wepesi, wengine kwa haraka, mmoja kwa fujo hadi Gaynor akanong'ona, "Huyo si wetu, huyo ni mgeni aliyepotea jukwaa." Mmoja alipita taratibu mno, na kofia ya Mzee Clegg, iliyokuwa upande, ikajinyoosha yenyewe kichwani.

"Sawa, Doreen wangu," alisema Mzee Clegg, machozi yakimtiririka. "Sawa. Nimesikia."

Nadeem alikuwa amefungua mwavuli wake. Alisimama pembeni mwa geti akiuinua juu ya mahali pasipo na mtu, akiusogeza kidogo kila vyuma vilipozunguka, ingawa mvua haikuwapo.

Hatimaye vyuma vikatulia. Nilikanyaga tena, havikuzunguka. Nyuma ya goli maji yalikuwa maji tu.

Ndipo kutoka mbali, juu kilimani, kikaja kikohozi, na baada yake sauti ndogo, ikichukuliwa na hewa ya jioni: "Mmelala?"

Kuna watu walionitazama. Nikatoka kibandani, nikakimbia ukumbini, nikaing'oa spika chini ya mbao, nikarudi nayo mkononi, betri zikiwa mkono wa pili, wote waone.

"Hatujalala!" akajibu Mzee Clegg kwa sauti iliyopasuka, na sisi sote tukamfuata.

Gaynor alisubiri mwangwi uishe. Upawa aliuacha ndani, akagonga ukuta kwa pete yake. "Wanaounga mkono kuhama?"

Mikono ikainuka hapo hapo barabarani. Wa mwisho ulikuwa wa Mzee Clegg.

Bibi alirudi wakati wa chai. Alikuwa na njaa, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu msibani. "Kule ni kukavu," alisema. "Amechagua jukwaa la kusini, kiti cha pembeni, karibu na mlango wa kutokea."

Nilimkumbusha kwa heshima kwamba kule bado kuna vigingi na kamba tu.

"Yeye anakiona," bibi alisema, akaninyooshea mikono nimvue koti.

Mkono wa kulia wa koti ulikuwa umelowa mpaka kiwikoni. Juu ya kitambaa kulikuwa na alama nne za kijivu za vidole, na ya gumba upande wa ndani. Tulilitundika karibu na jiko, na asubuhi lilikuwa limekauka. Alama bado zipo. Bibi amekataa lisifuliwe, na siku za mechi hulivaa, hata kukiwa na jua.