Uasi wa Safu ya Kumi na Mbili

Mume wangu Rauno ni mkaguzi wa lifti mjini Tampere, Ufini. Hajawahi kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu, hata alfajiri pasipo gari wala paka. Lakini mwulize yeye ni nani, atakwambia ni muasi. Ushahidi wake ni kizibao cha jinzi alichokishonea nembo za bendi akiwa na miaka kumi na saba, ambacho vifungo na matundu yake havijaonana tangu tupate mtoto wa pili.

Basi Kalmanvirta, bendi ya ujana wake ya metali, ule muziki wa magitaa makali na kunguruma, ilipotangaza kurudi jukwaani, Rauno alikata tiketi nne: yake, yangu, ya dada yake Irmeli, na ya mama yangu. Mama ana miaka sabini na tisa na goti bovu. Hakualikwa kwa mapenzi. Alikuwa kwetu kwa wiki nzima, na Rauno aliogopa kumwacha peke yake na mashine mpya ya kahawa. Ila kwa ajili ya goti hilo alichagua viti vizuri: safu ya kumi na mbili, namba moja hadi nne, kando ya ngazi.

Ukumbini tulikuta maelfu ya watu waliovaa nyeusi, mafuvu vifuani, wamepanga foleni kimya kutundika makoti. Jitu moja lenye nyoka aliyechorwa shingoni lilinikanyaga kidogo, likaniomba radhi mara tatu.

"Hii bendi ilikufa siku waliyojifunza kupiga gitaa," wifi yangu Irmeli alisema. Hilo ndilo neno lake kwa kila bendi, na hakosi onyesho hata moja.

Tulipofika kwenye safu yetu, viti vyetu vilikuwa na watu. Baba mwenye ndevu hadi tumboni, mkewe, na vijana wao wawili, wanakula peremende za chumvi. Rauno aliangalia tiketi, akaangalia viti, akarudi kwenye tiketi.

"Wamekaa kwetu," akaninong'oneza.

"Waambie."

"Niwaambieje?"

"Waambie wamekaa kwetu."

"Labda wana sababu zao."

Akakohoa. Huku kwetu kikohozi ni kama barua ya mwanasheria. Mwenye ndevu naye akakohoa, akaendelea kutafuna.

Tukapita magoti yao kwa samahani nyingi, tukakaa namba tano hadi nane. Hatujatulia, wakaja wanawake wanne wenye tiketi za viti hivyo. Walitutazama, wakaguna, wakaenda kukaa tisa hadi kumi na mbili. Wenye tisa hadi kumi na mbili nao wakasogea viti vinne mbele, na kuendelea hivyo. Taa zilipozimwa, mwisho kabisa wa safu kulikuwa na watu wanne wamesimama wameegemea ukuta, na tiketi zao mkononi, kana kwamba walilipia ukuta.

"Miaka arobaini unaimba vunja minyororo," Irmeli alimwambia kaka yake, "leo umeshindwa na mla peremende!"

"Sijashindwa. Nangoja wimbo uishe."

"Wimbo haujaanza, Rauno!"

Ukaanza. Ngoma zilinigonga tumboni kabla hazijafika masikioni. Mwimbaji, mtu mzima aliyejipaka chokaa usoni, alinguruma kama mtu anayetapika changarawe. Rauno alitikisa kichwa kwa furaha, lakini kila wimbo ulipoisha alichungulia namba moja hadi nne, akajikuna, akangoja mwingine. Mama alikaa wima, amevaa vile viziba masikio vikubwa vya wakata miti, mguu wake umekunjwa kwa kukosa nafasi.

Baada ya wimbo wa nne mwimbaji aliinua mikono. Ukumbi mzima ukanyamaza. Ndipo Mama, ambaye kwa vile viziba hakujua kama kuna kelele au hakuna, akapaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya ziwa:

"RAUNO! GOTI LANGU! HUYU MWENYE NDEVU ATATUKALIA VITI VYETU MPAKA LINI?"

Mwenye ndevu aligeuka. Akatoa tiketi mfukoni, akaimulika kwa simu, uso ukamwiva.

"Jamani, samahani," alisema. "Sisi ni safu ya kumi na tatu. Tulikuta watu wamekaa, tukaona aibu kuwaambia."

Waliokuwa safu ya kumi na tatu wakasikia. Wakatoa tiketi zao. Wao walikuwa wa kumi na nne.

Bendi ikavurumisha wimbo wake mkali kuliko yote, na upande wetu wote, hadi kule juu darini, ukasimama. Watu walipanda, wakashuka, wakapita kiubavu na bia zao juu ya vichwa, "samahani, pole, samahani, ni huyo wa nyuma." Mwimbaji akaona.

"Kushoto kule!" akanguruma. "Hivyo ndivyo! Vunjeni kila kitu!"

Kamera ikageuka. Kwenye kioo kikubwa cha video jukwaani akatokea Rauno, kizibao wazi, mdomo wazi, amemshika mkwewe kiuno anamvusha juu ya miguu ya watu. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Mama akafikishwa namba moja, akanyoosha mguu.

"Hapa sasa," alisema.

Kesho yake gazeti moja liliweka picha ya Rauno na maneno haya: fujo zazuka kwenye onyesho la metali. Kazini walimpigia makofi. Mkubwa wake alimwita "bwana fujo" na kumnunulia keki. Nilimwona akitembea kwa mabega mapya siku mbili nzima.

Siku ya tatu nikamkuta anaandika barua kwa mhariri. Alieleza kuwa hakukuwa na fujo, kwamba kila mtu alikuwa akirudi kwenye kiti kilichoandikwa kwenye tiketi yake, na kwamba njia za dharura zilibaki wazi muda wote.

"Ungenyamaza tu, mume wangu. Ulikuwa unafurahi."

"Ingekuwa uongo," alijibu kwa huzuni, akauliza kama neno "dharura" amelipatia herufi zake.

Waliichapa Ijumaa, ukurasa wa kumi na tisa. Jumatatu kazini hakuna aliyemwita tena bwana fujo. Jioni Irmeli alipiga simu, akacheka muda mrefu, kisha akakata.