Kijiji Kilichoongezeka Greyville

Haya niliambiwa na mjukuu wangu Deborah, Jumapili hii iliyopita, tulipotoka kanisani mvua ikatuzuia mlangoni. Yeye anasuka nywele katika saluni ya Marie-Jeanne kule Greyville, na yote yalipita mbele ya macho yake.

Mlangoni mwa saluni hiyo anakaa Pandu na cherehani yake. Pandu ni Mhindi wa India kabisa, si wa hapa Durban, ila amekaa na sisi Wakongo mpaka Kiswahili kimemwingia. Mama yake alibaki kijijini, macho yameingia ukungu, na daktari wa kumpasua yuko mjini, mbali. Basi halifiki kwao. Ofisi ya mabasi ilishasema kwamba kijiji kisichotimiza watu mia tano, watu wake watembee. Nacho kijiji kilikuwa kimekonda, kimepungukiwa watu hamsini hivi kufika mia tano, maana vijana wameondoka. Mmoja wao ni Pandu, na hilo lilimchoma kuliko sindano.

Siku moja karani wa kuhesabu watu akafika kijijini kwa miguu. Angefikaje vingine? Akachoka. Akajitupa kwenye kitanda cha mama Pandu uani, akatangaza kwamba hatembei tena: aliye shambani ajibu kwa simu, yeye ataandika. Mama akampigia mwanawe amwombee huruma kwa karani. Pandu akaweka simu juu ya cherehani, sauti wazi, akawa anatafuta maneno.

Hajayapata bado, Marie-Jeanne, akitafuta nywele za kusukia, akauliza toka ndani, "Meshi nyeusi iko?"

"Iko," akajibu Deborah.

Kule India karani, akidhani ni watu wa shambani wanajibu, akaandika watu wawili. Kwa lugha yao "ek" ni moja, na "iko" ilimfikia sikioni hivyo; kwa uchovu wake swali na jibu vyote alivihesabu.

"Kitana iko?"

"Iko."

Wengine wawili. Pandu akaisikia kalamu ikikwaruza. Angeweza kumsahihisha. Akamwona mama yake akilini, anapapasa ukuta kwenda chooni, akageukia saluni akanong'ona, "Mama Marie-Jeanne, niulizie vitu. Vyote."

Marie-Jeanne hakutaka sababu. Amepita mipaka mingi, mambo ya kuhesabiwa hayamshangazi. Akaulizia mafuta, taulo, vioo, mpaka ufagio. Wateja wakanogewa, wakaingia nao. Mmoja, kichwa nusu kimesukwa, akachungulia barabarani.

"Robot iko?"

"Iko, lakini eish, imezimika."

Basi taa ya kuongoza magari ya Greyville ikawa mkazi wa kijiji cha India, haioni kama mama Pandu. Karani alipofunga kalamu, kijiji kilikuwa kimepita mia tano, akawapongeza wanawake wa pale kwa uzazi.

Basi likatumwa, tena kubwa. Alhamisi likasimama kijijini, mama akapanda peke yake, simu mkononi, Pandu anasikiliza. Dereva akakataa kuwasha. Kijiji cha watu wengi namna hiyo, abiria bibi mmoja? Wenzake wako wapi? Deborah anasema hata mashine ya kukausha nywele ilizimwa.

Mama akamjibu dereva taratibu, na Pandu akawatafsiria wa saluni neno kwa neno: "Wamelala, mwanangu. Nimewalea mimi, nawajua. Ukiwangoja hao utazeekea hapa."

Dereva naye ana watoto nyumbani. Akawasha.

Mama hakuifikia hata kona ya kwanza, usingizi ukambeba. Simu ikaonyesha dari la basi tu, likitikisika, na Pandu akalitazama kama anatazama sinema, nguo za watu zimerundikana. Alasiri nesi akashika simu, akasema jicho moja limeshafunguliwa, mgonjwa ameuliza kwa nini nesi ana madoa usoni, kisha amelala tena.

Pandu akaingia ndani, akakaa kwenye kiti cha wateja. Marie-Jeanne akamuuliza kama anataka kusukwa. Kidevu kilikuwa kimeshafika kifuani, anakoroma.